Kumasta okestra ya AI: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa anayeanza

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nimetengeneza muziki wa okestra kwa Suno (huduma ya AI ya kutunga muziki), mbona fidla zinakwaruza masikio?" "Mbona tarumbeta zinapoingia muziki haukui?" "Nikiuongeza sauti unapasuka, nifanyeje?" Nimeona niweke majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukae na kompyuta yako uanze na faili ghafi na umalize na faili unaloweza kumpa mtu bila wasiwasi.

Kabla ya yote, elewa kazi hii inaweza nini. Kumasta, yaani kuurekebisha wimbo uliokwisha kukamilika kabla ya kuutoa, ni kama kupiga pasi: mikunjo inanyooka, lakini tundu halizibiki. Kama AI imekupa fidla zinazoyumba nusu ya wimbo, hakuna plagini (programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya sauti) itakayozituliza. Na kwa okestra, kazi kubwa ya masta si kuongeza sauti. Ni kurudisha tofauti kati ya pale ala tatu zinaponong'ona na pale okestra nzima inapopiga kwa nguvu zote. AI huibana tofauti hiyo karibu kila mara, na ndiyo maana muziki unakuwa mzuri kwa sekunde ishirini kisha unachosha. Hatua ya 6 inahusu hilo, na ndiyo ninayokuomba usiiruke hata ukiruka nyingine.

Vitu vya kuwa navyo

- Faili la WAV, si MP3. Huduma nyingi hutoa WAV kwa wanaolipia tu. Ukiwa na MP3 pekee unaweza kuendelea, ila matokeo yatakuwa na mpaka. Kuigeuza MP3 kuwa WAV hakurudishi kilichokwisha kukatwa.
- Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Tumia toleo la 3.2 au jipya zaidi, kwa sababu kuanzia hapo unaweza kubadilisha plagini huku unasikiliza. Ukizoea REAPER, programu nyingine ya aina hiyo, mpangilio wa kazi ni ule ule, ila zana ninazozitaja ni za Audacity.
- Plagini za bure: TDR Nova (ikolaiza, ya kupunguza au kuongeza masafa unayochagua), SPAN (huonyesha masafa kwa mchoro) na MSED (ya upana wa kushoto na kulia) za Voxengo, Youlean Loudness Meter (kipimo cha ukubwa wa sauti) na LoudMax (limita, yaani dari ambalo sauti haiwezi kulipita).
- Hedifoni za waya. Bluetooth huibana sauti upya kabla haijakufikia, kwa hiyo utakuwa unarekebisha kasoro ambazo hazimo kwenye faili. Si lazima ziwe za bei kubwa. Ziwe zile unazosikilizia muziki kila siku.
- Rekodi moja ya okestra halisi, kutoka kwenye CD au faili la FLAC, yenye hali inayokaribiana na muziki wako. Kama wako ni wa fidla za polepole, usichukue rekodi ya matarumbeta ya vita. Hii ndiyo mizani yako, utairudia kila hatua.

Soma pia masharti ya huduma uliyotumia. Kwenye nyingi, ulichotengeneza kwa akaunti ya bure hakiruhusiwi kuuzwa wala kuingizwa kwenye kazi ya biashara. Ni vizuri ulijue hilo leo kuliko baada ya filamu kutoka.

Hatua ya 1: Chagua toleo kabla hujagusa chochote

Usikubali toleo la kwanza. Iambie AI itoe kadhaa kwa maelezo yale yale, kisha sikiliza sehemu tatu tu za kila moja: mwanzo ulio kimya, kilele, na noti ya mwisho. Noti ya mwisho ndiyo inayosema ukweli. Okestra inapoacha kupiga, sauti hufifia taratibu ndani ya ukumbi. Ikiwa inakatika ghafla, au inayumba huku ikififia, toleo hilo lina kasoro kama hizo kote, ila zimefichwa na kelele za ala nyingine.

Kati ya toleo lenye melodia tamu na fidla chafu, na lile lenye melodia ya kawaida na fidla safi, chukua la pili. Na unapoandika maelezo, taja ala chache. "Fidla, chelo na honi moja" hutoka safi zaidi kuliko "okestra kubwa ya kishujaa yenye kwaya, ngoma na kila kitu".

Hatua ya 2: Sikiliza mpaka mwisho ukiwa na kalamu

Mara ya kwanza usiguse kitufe chochote. Andika dakika na tatizo, kwa maneno yako ya kawaida:

0:00–0:35, fidla peke yake, mlio wa bati kwa juu.
1:10, besi inavuma, chelo hazisikiki.
1:50, tarumbeta zinaingia, sauti haikui.
2:38, mwisho umekatika.

Karatasi hiyo ndiyo orodha ya kazi. Tatizo lisilokuwemo humo halihitaji plagini.

Hatua ya 3: Likague faili kwa macho

Fungua faili kwenye Audacity na ubadilishe mwonekano uwe Spectrogram. Ukiona rangi zimekatwa kwa mstari ulionyooka karibu na 16,000 Hz (Hz hupima masafa: namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni sauti nyembamba), faili lako lilibanwa mahali fulani, hata kama jina lake linaishia na .wav. Hapo usijaribu kuongeza trebo (sauti nyembamba) ya juu. Hakuna kitu huko zaidi ya uchafu.

Rudi kwenye mwonekano wa kawaida, washa Show Clipping in Waveform. Mistari myekundu ni mahali sauti iligonga dari na kukatwa kichwa. Ikiwa ni michache, chagua sehemu hizo na utumie Clip Fix. Ikiwa kilele chote ni chekundu, rudi hatua ya 1 na uchague toleo jingine. Najua inauma ukiwa umeshaupenda wimbo, lakini mpasuko wa namna hiyo hautoki.

Mwisho wa hatua hii, shusha faili zima mpaka kilele chake kiwe karibu -6 dB (dB hupima nguvu ya sauti; 0 ndiyo dari ya faili). Unajipa nafasi ya kufanya kazi.

Hatua ya 4: Punguza kwa ikolaiza, usiongeze

Weka TDR Nova. Anza chini kabisa: kata kila kitu chini ya 28 Hz hivi. Noti ya chini ya besi kubwa ya nyuzi nne ni takriban 41 Hz, na zile zilizoongezewa urefu hufika 33 Hz. Chini ya 28 Hz karibu hakuna noti ya okestra. Kuna mtikisiko unaokula nafasi ya limita tu.

Kisha nenda kati ya 200 na 400 Hz. Hapo ndipo chelo, honi na fidla nzito hurundikana, na AI hupenda kuzirundika kupita kiasi. Punguza dB 1.5 hadi 2.5 kwa mkunjo mpana. Ukiona unahitaji kupunguza 5, kuna jambo jingine; angalia kama tatizo liko dakika fulani tu, na kama ndivyo, lirekebishe pale tu.

Eneo la tatu ni 2,500 hadi 4,500 Hz. Sikio la binadamu ni jepesi sana hapo, na ukwaruzaji mwingi wa fidla za AI unakaa hapo hapo. Punguza dB 1 hadi 2.

Angalizo: kuna mbinu inayofundishwa sana ya kupandisha bendi nyembamba kwa dB 10 na kuizungusha mpaka usikie "masafa mabaya". Kwa okestra, iache. Ukipandisha masafa yoyote kiasi hicho yatasikika mabaya, na utaishia kuchimba mashimo kwenye fidla zisizo na kosa. Badala yake, fungua SPAN, cheza rekodi yako ya mizani, kisha cheza wimbo wako. Panapotofautiana kwa wazi ndipo pa kugusa.

Hatua ya 5: Zima mlio wa bati

Kila aliyefanya kazi na muziki wa AI anaujua: sauti nyembamba inayometameta juu ya fidla na matoazi, mara nyingi kati ya 6,000 na 12,000 Hz. Inakuja na kuondoka pamoja na noti. Kwa sababu hiyo ikolaiza ya kawaida haitoshi. Ukikata eneo hilo moja kwa moja, fidla zinakufa hata pale ambapo hapakuwa na tatizo.

Tumia bendi ya TDR Nova inayojiendesha. Chagua bendi, iweke kwenye 8,000 Hz, iwe pana, washa kitufe cha Threshold (kizingiti). Shusha kizingiti taratibu mpaka uone bendi inajivuta chini dB 2 hadi 3 mlio unapotokea, na kurudi juu unapotoweka. Kama inakaa chini muda wote, kizingiti kimeshuka mno. Zima na kuwasha bendi hiyo mara kadhaa ukisikiliza sekunde zile ulizoandika kwenye karatasi.

Usitumie Noise Reduction ya Audacity kwa tatizo hili. Ile imetengenezwa kwa kelele isiyobadilika, kama feni au muungurumo wa friji. Mlio wa AI unabadilika kila noti, kwa hiyo itaondoa robo ya mlio na kukuachia sauti ya kububujika kwenye wimbo mzima, ambayo ni mbaya kuliko ulichoanza nacho.

Hatua ya 6: Rudisha kupanda na kushuka

Weka Youlean Loudness Meter na uangalie namba ya Short-term (ukubwa wa sauti wa sekunde tatu zilizopita). Tuseme mwanzo wako, fidla peke yake, unasoma -17 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia; iliyo karibu na sifuri ndiyo kubwa), na kilele chenye tarumbeta na timpani kinasoma -13. Tofauti ni dB 4. Sasa cheza rekodi ya okestra halisi na utazame namba ile ile: kutoka mahali pa kimya hadi kilele utakuta tofauti ya dB 15, wakati mwingine zaidi ya 20. Hapo ndipo jibu la "mbona muziki haukui". Tarumbeta zimeingia, ila fidla za mwanzo zilikuwa tayari zimeshika nafasi yote.

Fanya hivi kwa mkono. Chukua Envelope Tool, weka nukta mwanzoni mwa wimbo na nyingine mwisho wa sehemu ya kimya. Shusha sehemu hiyo dB 4 hadi 5. Kisha acha mstari upande polepole kuelekea kilele, kwa sekunde nyingi, si mbili. Msikilizaji asihisi mkono wa mtu. Sekunde moja au mbili kabla ya tarumbeta kuingia, shusha tena kidogo, dB 1 hadi 1.5, halafu achia. Ule mshuko mdogo ndio unaofanya pigo la kwanza la timpani lionekane kubwa, ingawa hukuliongeza hata kidogo.

Baada ya kilele, usirudi pale ulipotoka kwa haraka. Okestra halisi huchukua muda kutulia.

Usijaribu kufikisha tofauti ya dB 20. Faili la AI halibebi kiasi hicho. Ukishusha mwanzo mno, ukija kupandisha wimbo mzima baadaye, uchafu uliofichwa chini ya fidla utatokea. Kwa kawaida dB 8 hadi 10 kati ya kimya na kilele hutosha kuufanya muziki upumue.

Na kwa sababu hiyo hiyo: usiweke kompresa (plagini inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo). Vitabu vya kumasta vinaitaja kwenye kila mnyororo wa plagini, lakini vinazungumzia miksi (ala zilizochanganywa pamoja) ambayo haijabanwa. Yako AI imekwisha kuibana. Kompresa itafuta kazi yote uliyofanya sasa hivi.

Hatua ya 7: Upana na besi

Ushauri wa kuweka kila kitu chini ya 120 Hz katikati unafaa muziki wa dansi. Kwenye mpangilio wa kukaa uliozoeleka, fidla za kwanza ziko kushoto, chelo na besi kubwa ziko kulia kwa anayetazama jukwaa. Ukizivuta besi zote katikati, ukumbi unapotea. Kama besi yako inayumba, weka katikati yale ya chini ya 70 Hz tu, yaliyobaki yaache.

Kipimo cha lazima ni cha mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja. Weka MSED na uzime upande wa Side (yale yanayotofautiana kati ya kushoto na kulia). Fidla zikipungua kidogo ni kawaida. Zikitoweka, AI imetengeneza upana wa uongo, ambapo kushoto na kulia vinafutana. Punguza Side dB 2 hadi 3 na upime tena. Usilipuuze hili: simu nyingi za bei nafuu zina spika moja tu, na wasikilizaji wengi watakusikia kupitia hiyo kwanza.

Hatua ya 8: Mwangwi, pale tu unapohitajika

Ukumbi wa Musikverein wa Vienna, uliofunguliwa mwaka 1870, una mwangwi wa takriban sekunde 2 ukiwa umejaa watu. Namba hiyo ikae kichwani. Watu huweka sekunde 5 au 6 wakidhani wanaongeza ukubwa, kumbe wanaizamisha okestra. Tena muziki wako tayari una mwangwi ndani yake, AI imeuweka.

Matumizi bora ya mwangwi hapa ni kutibu mwisho uliokatika. Ongeza sekunde 4 za ukimya mwishoni mwa wimbo, chagua kodi ya mwisho (noti zinazopigwa pamoja kumalizia) pamoja na ukimya huo, kisha weka mwangwi wa sekunde 2, kiasi cha asilimia 15, ukikatwa chini ya 200 Hz na juu ya 8,000 Hz. Malizia kwa kufifisha sekunde ya mwisho. Plagini ya bure OrilRiver inatosha kabisa.

Hatua ya 9: Ukubwa wa mwisho

Hapa ndipo watu huharibu kazi nzuri. Spotify huzisogeza nyimbo kuelekea -14 LUFS, Apple Music karibu -16, na YouTube hushusha zilizo juu ya -14 bila kuzipandisha zilizo chini. Kwa hiyo ukisukuma okestra hadi -9 hupati chochote: watakushusha, na utabaki na muziki uliobanwa. Lenga -18 hadi -16 LUFS kwa wimbo mzima. Ukiwa muziki wa kukaa chini ya maneno ya filamu, hata -20 ni sawa, kwa kuwa atakayemiksi filamu ndiye atakayeamua.

LoudMax iwe plagini ya mwisho kwenye mnyororo. Weka Output kwenye -1 dB na uwashe ISP Detection, ili kilele kisipasuke faili litakapobanwa kuwa MP3 au AAC. Shusha Thresh polepole. Limita ifanye kazi kwenye mapigo makubwa ya kilele tu, na isizidi dB 2 au 3. Ikigusa sehemu ya kimya, umepita kiasi.

Hatua ya 10: Lala, kisha kagua

Masikio yakichoka hupenda trebo. Kagua asubuhi, si usiku ule ule. Shusha rekodi yako ya mizani mpaka ilingane na wimbo wako kwenye Youlean, kwa sababu kilicho kikubwa kwa dB 1 tu husikika kizuri zaidi hata kama si kizuri. Kisha sikiliza kwenye simu, kwenye gari, na kwenye hedifoni zako.

Toa WAV ya bit 24, kwa kiwango kile kile cha sampuli kilichokuwa kwenye faili la mwanzo, 44,100 au 48,000. Ukitakiwa bit 16, acha Dither ya Audacity (kelele ndogo mno inayoficha makosa ya kupunguza bit) iwe imewashwa. Unapomtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama hati. Hapo faili hufika kama lilivyo.

Ukikwama

*Baada ya kumasta, muziki umefifia.* Mara tisa kati ya kumi ni bendi ya hatua ya 5. Pandisha kizingiti. Usiongeze trebo kufidia, utaurudisha mlio ule ule.

*Fidla bado zinakwaruza.* Tazama kama ni wimbo mzima au sekunde kadhaa. Kama ni sekunde kadhaa, chagua kipande hicho peke yake, punguza 3,000 Hz kwa dB 3, na uunganishe kwa kufifisha pande zote mbili ili mshono usisikike.

*Besi haisikiki kwenye simu.* Spika ya simu haiwezi kutoa 41 Hz, na ukiongeza huko unaichosha limita bure. Kinachofanya besi itambulike kwenye spika ndogo ni sauti zake za juu, kati ya 150 na 250 Hz. Rudi hatua ya 4 uone kama ulikata mno hapo.

*Sauti inadidimia kila ngoma inapopigwa.* Limita imezidiwa. Rudi kwenye Envelope Tool, shusha pigo lenyewe dB 2, halafu limita haitakuwa na sababu ya kulikamata.

*YouTube inaicheza ndogo kuliko nyimbo nyingine.* Ndivyo inavyokuwa kwa okestra, hata ya watu. Unaweza kusogea hadi -15, ila sikiliza kilele kwanza kabla hujakubali.

*Je, nitumie huduma za kumasta kwa kubonyeza mara moja?* Kwa Bongo Fleva, jaribu. Kwa okestra mimi sizishauri: huelekea kuusawazisha muziki wote uwe na ukubwa mmoja, na hilo ndilo tatizo ulilolitibu kwenye hatua ya 6.

*Je, nitenganishe ala kwanza?* Zana kama Demucs, ndani ya Ultimate Vocal Remover, hutenganisha sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na "vinginevyo". Okestra karibu yote itaangukia kwenye "vinginevyo", ikiwa na uchafu zaidi. Inafaa pale tu wimbo wako una mwimbaji au ngoma za kisasa juu ya okestra. Hapo mtoe mwimbaji, mmaste kando, kisha umrudishe mwishoni kabla ya LoudMax.